Kisanduku cha Kumi na Nne

Saa tisa na nusu alasiri, Desemba,
na Dundee imeshawasha taa.
Mto Tay umebaki sauti tu,
na upepo utokao huko
haupigi hodi.

Niko jikoni. Meza ni ile ile
ya uji, ya bili, ya hesabu za Ailsa,
na sasa ya stashahada ya uzamili
katika ustawi wa jamii:
vitabu saba vya kuazima, kimoja kimelowa chai.

Miaka kumi na tisa niliuza tiketi stesheni.
Watu niliwajua kuanzia kifuani kwenda juu,
viatu vyao sikuviona.
Walipoliziba dirisha langu wakaweka mashine,
nilisema: basi, nitakwenda kuviona viatu.
Mume wangu alicheka,
kisha akaona sicheki.

Darasani vijana hutamka "nadharia ya mfungamano"
kama wanaoagiza kahawa.
Daktari Drummond husema, chanzo, rudini kwenye chanzo,
nami hurudi, usiku, kwa miwani ya pauni tatu,
sentensi moja mara nne,
hadi maana ichoke kunikimbia
ikae chini.

Lakini Jumanne na Alhamisi ni mafunzo kwa vitendo,
ghorofa ya tisa, na lifti imekufa.

Huko anaishi Struan, miaka tisa,
na mama yake Rhona, ambaye siku nyingine huamka.
Struan alinifungulia mlango na mwiko mkononi.
Viatu (niliviangalia, ndiyo):
kimoja kina kamba,
kingine kimefungwa uzi wa sufu wa kijani,
fundo mbili, za fundi.
"Mama amelala. Supu iko tayari. Utakunywa?"
Ilikuwa na chumvi ya watu kumi.
Nilimaliza bakuli.

Fomu ina visanduku kumi na vinne.
Usafi. Lishe. Mahudhurio: asilimia tisini na sita.
Kiwango cha hatari, weka alama.
Na shule wameshaandika upande wao:
Mtoto mkimya. Hana matatizo.

Hapo kalamu ikagoma.

Machi niliomba faili langu la utotoni.
Likaja kwa posta, kurasa kumi na moja,
nusu zimezibwa kwa wino mweusi.
Baba yumo, chupa zimo,
na mimi nimo mstari mmoja:
Binti mkimya. Hakuna la kuhofia.

Namkumbuka aliyeandika. Koti la kahawia.
Nilimpikia chai, nikapanda kiti kufikia sukari,
akaiacha ipoe, akaangalia saa.
Nilimchukia tangu Machi hadi Oktoba.
Kisha nikapewa familia mbili, mbili tu, nikakosa usingizi,
nikajiuliza yeye alikuwa na ngapi siku ile,
arobaini? na basi la mwisho la kuwahi?
Chuki haikuisha. Ilisogea tu,
ikampisha na yeye akae.

Kisanduku cha kumi na nne: Maoni mengine.
Mistari miwili. Nikaandika mpaka pembeni:
Anapika. Anafunga fundo.
Humuuliza mgeni kama ana njaa
kabla hajajiuliza mwenyewe.
Kimya chake si utulivu, ni kazi,
na hana siku ya mapumziko.

Ishbel, msimamizi wangu, alisoma mara mbili.
"Hii si lugha ya ripoti," akasema.
"Na chanzo chake kiko wapi?"
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Akanitazama kitambo, akavuta kiti.
"Haya. Tuanze na mama. Nani humwamsha?"

Insha ni ya Ijumaa, maneno elfu nne.
Nimeandika mia tatu na kumi na mawili,
na mia katika hayo ni majina ya watu wengine.
Ailsa anataka meza.

Ndani ya mkoba nina kamba za viatu,
nyeusi, pauni moja na senti ishirini.
Nimepekua mwongozo mzima wa maadili
sikuona kama zinaruhusiwa.
Nitamuuliza Ishbel Alhamisi,
nikishashuka ngazi za ghorofa ya tisa.